Njiti Zenye Alama za Meno

Asubuhi ile Maitu alikuwa akiyeyusha nta. Maitu ndivyo nilivyomwita mama mkwe wangu, kama Wakikuyu wote wanavyomwita mama, na ole wake mke wa mwana ambaye angemwita vingine. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga. Kopo la nta lilikuwa ndani ya sufuria ya maji moto, na mbele yake palikuwa na jani la mgomba ambapo alilaza njiti za kiberiti moja moja, zisigusane.

Tuliishi kwenye mteremko wa Mto Ndarugu, kati ya Ruiru na Thika, mpakani mwa mashamba ya kahawa ya wazungu. Ukungu ulipanda kutoka bondeni kabla ya jua ukaingia hadi kwenye mkebe wa chumvi. Kiberiti ulichonunua jana kwa Mhindi kilikuwa uji leo. Wanawake wengine waliomba makaa kwa jirani. Maitu hakupenda kuomba. Marehemu mume wake alikuwa na mizinga ya nyuki, na nta aliyomwachia ilikuwa bado imejaa chungu kizima.

"Nta isichemke," alinifundisha. "Ikichemka itakula kichwa cha njiti. Ikipoa nayo itashika mabonge. Chovya, toa, pulizia, laza."

Alichovya kila njiti hadi katikati ya kijiti, ili maji yasiingie na moto upate kitu cha kula. Zilipokauka alizitia katika pembe ndogo ya ugoro, pamoja na kipande cha ule ubavu wa kiberiti unaokwaruziwa, akaziba mdomo kwa nta. Ukitaka kuwasha, ulikwangua kwanza kichwa cha njiti kwa ukucha mpaka wekundu uonekane. Asiyejua hilo angekwaruza mpaka mkono umuume.

Mume wangu Kariuki alikuwa amesimama mlangoni akingoja chai kabla ya kwenda kazini kwenye mashine ya kumenya buni. Alichukua njiti kutoka kwenye jani akaibana kwa meno, kwa ubavu. Alikuwa na tabia hiyo. Mkono wa mashine ulikuwa umempiga mdomoni miaka ya nyuma ukang'oa meno mawili ya mbele, moja la juu na la chini yake, kwa hiyo njiti aliyoitafuna ilikuwa na alama huku na huku, na katikati pamebaki safi.

"Hizo si miwa," Maitu alimwambia.

"Naonja kama zimeiva."

Nilicheka. Tulikuwa tumeoana si muda mrefu, hatukuwa na mtoto bado, na kila alichosema kilinichekesha.

Hali ya hatari, serikali ya wazungu ilipoanza kuwasaka wapiganaji wa msituni, ilitufikia kwa ukimya. Kabla ya hapo, mashine ya buni ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri hata hatukuisikia tena. Siku moja ikanyamaza katikati ya asubuhi, nasi wanawake tuliokuwa tukichuma tukainua vichwa wote kwa pamoja. Malori yalikuwa yamefika. Wanaume wa kiwandani walipangwa mstari, wakapandishwa, wakaenda. Ndoo zao za buni zilibaki zimesimama barabarani, zingine zimejaa.

Kariuki hakuwa kwenye mstari ule. Alikuja nyumbani akipita chini ya mibuni, amejaa matope magotini. Alichukua blanketi na panga. Maitu alimpa pembe ya njiti.

"Tutajuaje kama uko hai?" nilimwuliza.

Alifikiri kidogo. "Ule mzinga wa baba kwenye mringaringa wa mtoni. Mkiacha njiti humo, nitawaachia niliyotafuna."

Hakuniaga kwa mkono. Aliinama akapita mlangoni, akaingia kwenye kahawa, na matawi yakarudi mahali pake.

Mringaringa ule uliinamia maji, na mzinga ulining'inia kwenye tawi la chini ambalo mtu mzima angelifikia. Nyuki walikuwa wameuhama zamani. Nilipokwenda mara ya kwanza niliweka sikio kwenye gogo kabla ya kutia mkono, kwa hofu ya nyoka, nikasikia mvumo. Nilijiambia ni mto. Hata leo najiambia ni mto. Niliweka pembe mpya, nikaondoka bila kutazama nyuma.

Niliporudi baada ya siku kadhaa pembe ilikuwa imetolewa njiti zote nilizoacha. Ndani yake mlikuwa na njiti moja iliyoungua kichwa, na mwilini ilikuwa na alama za meno, pengo, alama za meno.

Nilimpelekea Maitu. Aliipapasa kwa ncha ya kidole, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akaifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa. Siku hiyo alikula.

Ndivyo tulivyoishi. Watu walipotea mmoja mmoja. Milango ilibaki wazi na kuku wakaingia kulala vitandani. Ungepita mbele ya nyumba uliyoijua, chungu kikiwa bado mafigani, na hakuna mtu wa kukuitikia hodi. Nami nilikuwa na njiti zangu kwenye kitambaa cha Maitu, nikajiona mwenye bahati. Nilikuwa na mume.

Kisha askari wa serikali wakaja kutuhamisha. Watu wa mteremko mzima tulitakiwa tukae kijiji kimoja juu ya kilima, kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, chini ya mnara wa homgadi. Wengi wa askari hao walikuwa vijana wetu wenyewe.

Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha. Askari mzungu, kijana mwenye shingo nyekundu, alisimama chini ya paa letu la nyasi akakwaruza kiberiti. Hakikuwaka. Akakwaruza kingine. Nacho kilikuwa kimelowa.

Maitu alikuwa ameketi juu ya mzigo wake uani, na pembe iliyojaa ilikuwa ndani ya nguo zake. Alimtazama yule kijana muda wote.

Mwishowe homgadi mmoja aliingia ndani akatoka na kinga cha moto kutoka mafigani petu. Nyumba yetu ilichomwa kwa moto tuliopikia uji wa asubuhi.

Kijijini tulikwenda mtoni mchana tu, kwa kundi, tukilindwa na bunduki. Niliomba ruhusa ya kwenda haja, nikazunguka kona ya mto hadi kwenye mringaringa. Askari hawakupenda kumfuata mwanamke kwenye shughuli hiyo. Nilipata muda wa kutia mkono na kutoa mkono, basi.

Siku moja nilitoa njiti nikaishika, na ilikuwa na mate.

Haikuwa imelowa kwa mvua. Mvua haikuwa imenyesha. Ilikuwa na uvuguvugu.

Nilisimama. Matete ya ng'ambo yalikuwa yametulia, hakuna hata ndege. Nilijua kuna mtu ananitazama kutoka mle ndani. Nilitaka kuita jina lake. Mdomo ulifunguka.

"We mama! Umezaa huko?" homgadi aliita kutoka kwenye kona.

Nikafunga mdomo, nikarudi kwa wenzangu na debe langu mgongoni.

Homgadi huyo aliitwa Njuguna. Tulimjua tangu akichunga mbuzi wa baba yake, na Maitu alikuwa amewahi kumtoa mwiba mguuni. Sasa alikuwa na bunduki na kofia, na alikuwa mkali kuliko waliotoka mbali, labda kwa sababu tulimjua. Zamu yake ilipokuwa langoni, wanawake waliomba dua kimoyomoyo.

Siku moja ya zamu yake, Maitu alitaka twende mtoni pamoja. Njuguna alimpekua.

Alipata pembe.

"Hii nini?"

"Ugoro wangu."

Aliing'oa nta kwa kisu akamwaga kiganjani. Njiti zilitoka, nyeupe kwa nta, na kipande cha ubavu wa kiberiti.

"Ugoro gani uko na miti?"

Mwanamke wa upande ule wa njia alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya mkungu mmoja wa ndizi uliokutwa mahali pasipofaa, na hakurudi.

"Njiti mbovu, mwanangu," Maitu alisema. "Zililowa. Nachokolea meno."

"Meno? Uko na meno mangapi wewe, Cucu, bibi kizee?"

"Haya mawili. Ndiyo yananisumbua."

Njuguna hakucheka. Alichukua njiti moja, akatoa kiberiti chake mwenyewe, akakwaruza.

Kichwa kiliteleza.

Akakwaruza tena, kwa nguvu. Nta ilipaka ubavu wa kiberiti ukang'aa. Akajaribu mara ya tatu.

Nilitazama ukucha wake wa kidole gumba. Ulikuwa mrefu. Angekwangua kidogo tu.

"Takataka," alisema. Alizitupa zote handakini, akamrudishia Maitu pembe tupu, akafuta kiberiti chake kwenye suruali akinung'unika kwamba kimeharibiwa.

Tulishuka mtoni. Njiani Maitu alinishika mkono. "Mtoto yule," alisema, "hakuwahi kuwa na subira." Mpaka leo sijui kama Njuguna alidanganyika au aliamua kudanganyika. Aliuawa kabla ya mwaka kwisha, na hakuna wa kumwuliza.

Baada ya hapo tulipumzika kidogo, kisha tukaendelea. Ilikuwa wakati wa mvua kubwa nilipogundua jambo lile. Nilikuwa nimeleta njiti kutoka mzingani, Maitu akaipapasa, akafungua kitambaa kuitia pamoja na zingine. Sijui kwa nini nilimwambia anipe niitazame tena. Nilisogea mlangoni kwenye mwanga.

Alama zilikuwa zimepangana kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na pengo.

Nilitoa nyingine kitambaani. Nayo hivyo hivyo. Nikatoa nyingine. Nilizipanga sakafuni kama alivyokuwa akizipanga kwenye jani la mgomba. Zile za zamani zilikuwa na pengo, hizi za karibuni hazikuwa nalo, na kati yao hapakuwa na dalili yoyote ya siku ambayo kitu kilitokea.

"Maitu, meno haya si yake."

"Nimeona."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mvua. Kidole changu kinaona kuliko macho yako."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mzungu yeyote. Nilikuwa nimelala nikizishika zile njiti. Samahani, nitasema ilivyokuwa: nilikuwa nikizitia kinywani, pale alipoziuma. Na sasa sikujua nilikuwa nimeweka mdomo wangu kwenye meno ya nani.

"Ni nani basi?"

"Sijui."

"Na kama wanatutega?"

"Wangekuwa wao tungekuwa tumeshakufa."

Aliweka kopo kwenye maji moto. Nilipoona anakata nta nilidhani nimeona vibaya.

"Unafanya nini?"

"Anayeng'ata ana baridi," alisema. "Ana mama mahali fulani."

"Kariuki alikuwa na mama hapa hapa!"

Alichovya njiti, akaitoa, akaipulizia. Pumzi yake ilikatika katikati, akaanza upya. Nilijua nimemchoma mahali ambapo hakuna dawa.

Nilikataa kupeleka. Akaenda mwenyewe, na miguu yake ile, kwenye mteremko wa utelezi. Alirudi ameanguka, amejaa matope hadi kifuani. Safari iliyofuata nilichukua pembe mimi. Sikuichukua kwa wema peke yake. Maadamu njiti zilikuja, niliweza kujidanganya kidogo wakati wa kulala: huenda ameanza kuuma kwa upande mwingine wa kinywa, huenda meno ya mwenzake ndiyo yanayoacha alama lakini yeye yuko hapo karibu, anaota moto. Mwenye njaa hachagui chakula. Ila nilipofika kwenye mringaringa sikuweka sikio tena kwenye gogo. Nilihisi yule wa kwenye matete akinitazama, na nilimchukia, na nilimwachia moto.

Msimu mmoja pembe ikakaa bila kuguswa. Nta ya mdomoni ilipasuka kwa jua. Hatukupeleka nyingine.

Handaki lilipofukiwa tulipewa kipande cha ardhi juu ya kilima, tukajenga nyumba ya mabati. Walioenda kizuizini walianza kurudi, wembamba, wakisimama barabarani kama watu waliosahau njia ya kwao. Nilikuwa nikiwatazama nyuso. Nilijua ni ujinga, nilitazama tu.

Mgeni wetu alikuja asubuhi ya ukungu. Alisimama nje ya boma na hakutaka kuingia. Alisema anaitwa Muchiri na anamtafuta mama yake Kariuki. Alipofungua mdomo nilitazama meno yake. Yalikuwa kamili, mazuri, yamejipanga.

"Ni wewe," nilisema.

Aliinamisha kichwa.

Alitueleza akiwa amesimama pale pale. Walikuwa wamejificha kwenye matete siku za mvua, askari wakiwa juu ya ukingo wakingoja moshi. Kariuki alishikwa na baridi kifuani. Njiti walikuwa nazo, kavu, pembe nzima. Mmoja wao alitaka wawashe, heri wafe wakiwa wamepata joto. Kariuki akakataa. Alichukua njiti moja akaibana kwa meno, kama kawaida yake, akakaa nayo hivyo akitetemeka. Asubuhi alikuwa bado nayo, lakini hakuwa akitetemeka.

"Wenzangu waliokoka," Muchiri alisema. "Askari waliondoka wakidhani hakuna mtu."

"Mbona hukutuletea hiyo njiti?" niliuliza. "Ungeiweka mzingani tungejua."

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jambo la mtoto. "Imetoka kwenye kinywa cha maiti. Ningeileta kwa mama yake vipi? Ni thahu."

Msomaji wa siku hizi huenda hajui. Thahu ni unajisi. Kwetu zamani kitu cha maiti hakikuguswa ovyo, sembuse kupelekwa kwenye nyumba aliyozaliwa. Ungewatia wenye nyumba ugonjwa na mikosi. Muchiri alikuwa mtu wa msituni, mwenye kuua na kuwindwa, lakini hilo hakuthubutu. Akauma njiti yake mwenyewe, ili mwiko usivunjwe na wanawake wasilie. Na moto usikatike, aliongeza kwa sauti ndogo, maana bila njiti zile wangekufa wote.

"Nilifikiri hamtajua," alisema.

"Mwanangu alikuwa na pengo," Maitu alimjibu. "Wewe umejaa meno kama hindi bichi."

Muchiri alilia hapo. Alitoa kitambaa, ndani yake mlikuwa na pembe yetu ya kwanza kabisa, akaiweka chini, nje ya boma. "Aitwe mzee kwanza achinje mbuzi, atakase," alisema. "Kisha mfungue."

Maitu alikuwa mtu wa mila kuliko sisi sote. Mwanamke aliyeruka kigoda chake, jambo la mwiko kwetu, alimfukuza. Lakini alitoka akampita Muchiri, akaiokota pembe kwa mikono yake, akarudi nayo ndani hadi mafigani. Nilimfuata.

Njiti ilikuwa ndani, na kile kipande cha kukwaruzia. Kichwa kilikuwa kizima chini ya nta. Alikipapasa kijiti kwa kidole. Alama, pengo, alama. Alikaa na kidole kwenye pengo kwa muda.

Kisha akaanza kukwangua nta kwa ukucha.

"Maitu, hapana," nilisema. "Nipe mimi."

"Alikufa kwa baridi, moto uko kinywani," alisema. "Acha uwake."

Akakwaruza. Iliwaka mara moja, kama iliyochovywa jana. Moto ulishuka taratibu kwenye kijiti, ukafika kwenye meno ya kwanza, ukapita kwenye pengo, ukamfikia vidoleni. Hakuiachia mpaka alipoitia kwenye kuni.

Nilitaka kuiweka. Kwetu mtu hurudi kwa jina, mjukuu akabeba jina la babu yake, lakini Kariuki hakuacha mtoto, na kaburi lake ni matete. Ile njiti ilikuwa mahali pekee duniani palipokuwa na alama yake, na zile zingine za kweli zilikuwa zimeoza kwenye kitambaa cha Maitu kwa jasho lake na langu. Sasa naishi Kamenu, kule Thika, nami ni mzee kuliko Maitu alivyokuwa siku ile. Amekufa zamani, nami nilimzika kwa heshima zote. Lakini hilo sijamsamehe, na nadhani alijua, na nadhani alikuwa na haki. Alikuwa mama yake.

Tulimwita Muchiri ndani. Aliingia akiogopa, akaketi karibu na moto, akanyoosha viganja vyake. Maitu alipika chai juu ya moto ule, akatumiminia sote watatu. Ilikuwa na moshi mwingi. Niliinywa nikaimaliza.